Chukua Mbale

Mvua ndiyo iliyonificha. Nilikuwa nimembeba mjukuu wangu mgongoni, nimemfunga kwa leso mbili na kumfunika kichwa kwa ya tatu, nikitembea kuelekea lango la serikali katikati ya akina mama wa kanisa waliokuja kuwaimbia watoto Jumapili ile. Wao walibeba masufuria matupu na vitabu vya nyimbo vilivyofungwa kwa nailoni. Mimi nilibeba damu yangu, na kwa sheria ya pale nilikuwa mwizi.

Askari wa lango alikuwa amejikunyata chini ya kibati, akituangalia mmoja mmoja. Nilipomkaribia, Mideva akavuta pumzi shingoni mwangu, ile pumzi ya kukwaruza niliyoisikia tangu nilipomnyanyua kitandani, kisha akakohoa. Nikakohoa juu yake, kwa nguvu, ili kikohozi kiwe changu.

"Mathe, umebeba mzito," askari akasema.

Neno nililomjibu nitalifikia. Kwanza nieleze jinsi mtu anavyofika mahali pa kumwiba mjukuu wake mwenyewe.

Mideva alizaliwa bila kulia. Mama yake alishikwa na uchungu mchana, akajifungua kesho yake, na mkunga alikuwa mmoja kwa wodi nzima. Mwanangu Luseno alifikiri mtoto mtulivu ni baraka. Mimi niliyezaa na kuzika nilimtazama nikajua. Alipofika umri wa kukaa hakukaa. Shingo ilikuwa laini kama ya ua lililokatwa jana, miguu ikapishana kama mkasi, na kifafa kilimjia bila hodi. Mama yake alirudi kwao mtoto alipofikisha mwaka, na simlaumu, maana alikuwa msichana mdogo na alikuwa amechoka. Mtoto akabaki kwangu. Akaniita Guku, kama Wamaragoli tunavyomwita nyanya, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza, lililokuja akiwa tayari ana miaka minne.

Watu walidhani hana akili. Maneno yalimtoka kama maji ya bomba la mtaani kwetu Huruma: unangoja, linakoroma, linatema hewa, kisha tone. Wengi waliondoka kabla ya tone. Mimi nilingoja, kwa sababu vitendawili vilinifundisha kungoja.

Nilisoma mpaka darasa la nne tu, shule ya misheni, lakini vitendawili nilikuwa navyo gunia zima, vingine vya marehemu bibi yangu na vingine nilivyojitungia nikipanga sukuma wiki yangu ya kuuza kule Majengo. Stima ikipotea, na ilipotea sana miaka ile, watoto wa ploti, lile jengo letu la vyumba vya kupanga, walijaa mlangoni kwangu. "Kitendawili!" "Tega!" "Mzee wetu akilia alfajiri, wanaume wote humkimbilia, na hakuna hata mmoja anayempa pole." Wangepapasa, wangesema jogoo, wangesema mwadhini. Halafu kutoka kwenye godoro, baada ya kukoroma na kutema hewa, Mideva: "King'ora. Cha. Kiwanda." Baba yake alikuwa kibarua Industrial Area, alikikimbilia kila siku.

Aliposhindwa alijua sheria. Aliyeshindwa hutoa mji, na bila mji jibu halitoki, hata ulie. Mimi nasema, "Nipe mji," wewe unasema, "Chukua Mombasa," nami nakwambia jinsi nilivyokwenda Mombasa nikapokewa vizuri, nikala nikashiba, na wenyeji wakanipa jibu. Watoto wengine walitoa Mombasa, walitoa London, mmoja alizoea kunipa Marekani ili nisafiri mbali. Mideva alitoa mji mmoja siku zote. "Chukua Mbale." Ile Mbale ya kwetu Maragoli, ambako nilizaliwa na ambako yeye hakuwahi kukanyaga. Nami kila mara nilikwenda Mbale, nikala obusuma, ule ugali wetu, kwa mboga za mrenda, nikashiba, nikarudi na jibu.

Kutega mwenyewe hakuwahi. Nadhani maneno yalikuwa ghali kwake, akayaweka kwa majibu.

Waruguru ndiye aliyetukusanya. Alikuwa jirani yangu wa ghorofa ya chini, muuza mitumba Gikomba, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha mtaa, na mwanawe Sydney alikuwa kama Mideva, ila mzito zaidi. Sisi wanawake wa Huruma tulikuwa na vyama vya kuchangiana vya kila namna: vya masufuria, vya mablanketi, vya kuzikana. Jioni moja, tukiwa kwenye foleni ya maji, Waruguru akasema kwa nini tusianzishe chama cha siku. Nikamwuliza siku gani. Akasema, siku zenyewe. Kila mwenye mtoto asiyekaa atoe siku yake moja kwa juma, siku hiyo awe mama wa wote, na siku nyingine awe huru kwenda kutafuta.

Basi ikawa hivyo. Jumanne ilikuwa yangu. Siku ya kwanza nilipowaacha wale watoto wote wameshiba nikamrudishia kila mtu wake, nikafunga mlango, nililala kama niliyelima shamba. Lakini kesho yake nilikwenda Majengo mikono mitupu, mgongo mtupu, na nilikuwa nimesahau jinsi mtu anavyotembea. Nilijikuta naimba.

Mwenye ploti alitupa stoo ya chini. Kila mtu akaleta rangi iliyobaki kwake, kwa hiyo ukuta mmoja ulikuwa wa kijani, mwingine maziwa, mwingine ile buluu ya milango ya shule. Ngui, fundi wa mbao wa pale kona, akaja siku moja kuona kelele ni za nini, akakaa chini, akatoa kamba mfukoni akaanza kuwapima watoto mgongo na mapaja. Hakuna aliyemtuma. Alitengeneza viti vya pembe, kama kona ya ukuta, vyenye kifua cha mbao na mkanda wa tairi, ambamo mtoto hukaa wima akawaona wenzake. Alimwita Mideva mkurugenzi. Alipomkalisha mara ya kwanza, mtoto aliuona mlango. Miaka saba alikuwa ameona dari tu.

Jioni ile nikamtegea: "Nimempa mgongo, hakukasirika." Hakungoja hata kidogo. "Kiti changu."

Na tulijifunza jambo ambalo hakuna aliyetufundisha, kwa kupaliwa na kuogopa na kuambiana: kwamba hawa watoto hulishwa wakiwa wameketi, kidevu chini, kijiko kidogo, ungoje ameze. Ukimlisha amelala, chakula huenda njia ya pumzi. Uji wa kikombe kimoja uliweza kuchukua muda wa kupika maharagwe. Tulikuwa nao muda. Ndicho tulichokuwa tumechangiana.

Sasa nije kwenye kosa letu, na lilikuwa letu sote. Luseno alisema, kitu kizuri namna hii mnakifichaje? Iteni mkubwa akifungue. Serikali ikiona italeta dawa, italeta viti vya magurudumu. Yeye alikatwa kodi kila mshahara ulipotoka, alisema, na hospitali na huduma zote ni zetu, ni haki yetu. Nikamwuliza, kama ni zetu, mbona tunabisha hodi? Akacheka. Lakini hata mimi nilikubali, maana tangu nizaliwe sijaona kitu kilichofunguliwa bila mgeni wa heshima. Hata choo cha shule kilikatiwa utepe. Tuliona kwamba bila mkubwa wa serikali, kazi yetu haijaanza, ingawa ilikuwa na zaidi ya mwaka.

Mgeni wetu wa heshima alikuwa Madam Teresiah, wa ofisi inayoshughulikia watoto na walemavu. Tuliazima mkasi kwa kinyozi. Tulipika pilau na chapati, watoto tukawavisha soksi nyeupe. Nataka niseme ukweli juu ya mama yule, kwa sababu ingekuwa rahisi kumchora na pembe kama shetani. Alikata utepe, akaingia. Kisha akavua viatu. Akampakata Sydney, Sydney akamtemea uji kwenye koti, naye hakupangusa. Nilimwona akigeukia ukuta wa buluu akijifuta macho kwa kiganja. Alipokwenda kula akauliza, kwa upole kabisa, tumesajiliwa wapi.

"Kwa Mungu, Madam," Waruguru akasema, na watu wote wakacheka, hata yeye.

Hatukumwona tena siku kadhaa. Aliporudi alikuja na askari wawili wa kanjo, wale wa baraza la jiji, na kufuli mpya, bado ndani ya karatasi yake.

Ilikuwa siku ya Kavutha, aliyefunga sabuni kiwandani, mwanamke asiyejua kubishana. Alimtuma mtoto atuite, tukaja mbio, Waruguru kutoka Gikomba na mimi kutoka Majengo na mboga zangu nimezitupia jirani. Madam Teresiah alikuwa mlangoni, ameshika mkoba mbele ya tumbo. Alisema amekosa usingizi kwa ajili ya watoto hawa. Alisema wanastahili zaidi ya stoo. Panahitajika mwalimu mwenye cheti, vyoo vya kutosha, na uwanja. Uwanja, Huruma, ambako hata nguo tunaanika kwa zamu.

"Mlango ni mmoja," akasema. "Dirisha lina vyuma. Mnapikia makaa humo humo. Moto ukitokea, ni mimi nitakayeulizwa."

Waruguru akamwuliza, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Na nikimfungia Sydney kwangu peke yake, mlango mmoja, jiko la makaa, niende kazini, utaulizwa?"

Madam Teresiah alifikiri. Nadhani alitaka sana kupata jibu zuri. "Huko si kituo," akasema. "Huko ni nyumbani kwako."

"Unga sijawahi kukuomba," Waruguru akasema. "Dawa nilikoma kuomba. Sasa unaninyima hata jirani."

Askari akafunga kufuli. Tuliwabeba watoto wetu, kila mtu na wake, tukapanda ngazi kila mtu na zake. Ngui alikuja jioni akasimama kando ya mlango ule kwa muda mrefu, akigusagusa kufuli kama fundi anayekagua kazi ya mwenzake.

Watu wanaposikia kisa hiki huniambia, nyanya, wewe ulitaka serikali ifanye nini, isijali? Mimi sikutaka itulishe. Sikutaka hata ituletee hivyo viti. Niliikuta haina dawa, sikuitukana, nikazunguka nikapita njia nyingine pamoja na wenzangu, na hakuna kati yetu aliyelazimishwa. Nilichotaka ni isisimame kwenye hiyo njia. Asiye na cha kukupa naye anaweza kukusaidia, akisogea tu.

Miezi iliyofuata ndiyo ya zile mvua zilizopewa jina la kigeni, zilizochukua madaraja na kuozesha mahindi mashambani. Kavutha alimfunga mwanawe kwa leso kwenye mguu wa kitanda akaenda kiwandani, na mchana kutwa tulimsikia mtoto yule kupitia ukuta, na aliyeweza alikwenda kumwimbia mlangoni. Waruguru aliacha kwenda Gikomba. Mimi nilimbeba Mideva hadi Majengo, nikamlaza chini ya meza kwenye gunia, juu yake mboga, juu ya mboga mvua. Wateja waliinama kuchagua sukuma wiki wakakutana na macho yake, na wengine hawakurudi.

Akashikwa na homa, kifafa kikafuatana na kifafa. Hospitali nilikokwenda nilitumwa nje kununua glavu za kumpimia, nikatumwa tena kununua sindano, na dawa ya kifafa ilikuwa imekwisha, nijaribu juma lijalo. Walimlaza na watoto wengine wawili, kichwa kwa miguu. Muuguzi aliyekuwa zamu alikuwa na viatu vilivyopasuka na macho ya mtu ambaye hajalala, nikashindwa hata kumkasirikia. Tuliporudi nyumbani Mideva alikuwa mwepesi hivi kwamba mara mbili niligeuka njiani kuhakikisha yuko mgongoni.

Hapo ndipo nilipokwenda mwenyewe ofisini kwa Madam Teresiah. Nilikaa kwenye benchi mpaka watu wakaisha. Hakunikumbusha ya kufuli. Alifurahi, masikini, alifurahi kweli kuwa na kitu cha kunipa. Kuna nafasi, akasema, katika makao ya serikali nje ya mji. Kuna daktari. Kuna dawa. Nikatia sahihi pale aliponionyesha.

Asubuhi ya kumpeleka nilimsuka nywele. Ngui alikipaka kiti chake vanishi upya, nacho nikakibeba kichwani. Mideva alinyamaza njia nzima, mpaka tulipoliona lango, ndipo akaanza kukoroma na kutema hewa, nami nikasimama kumngojea.

"Guku. Utakuja?"

"Ukiniita, nitakuja," nikamwambia. "Niite tu. Nitasikia."

Kiti kilikataliwa langoni. Kitu ambacho hakijakaguliwa hakiingii, askari akasema, kikae hapa mpaka barua itoke. Mtoto nikampokeza matroni, mama mnene wa makamo mwenye mikono mizuri, imara, naye akaniambia kwamba watoto wapya huzoeshwa kwanza. Jamaa wakija mapema huwaliza. Nitaitwa.

Sikungoja kuitwa. Jumapili iliyofuata nilikuwa langoni na chupa ya uji. Askari akasema bado. Niliketi juu ya jiwe ng'ambo ya barabara nikitazama paa, nikijaribu kukisia amelala chini ya bati lipi. Jumapili nyingine nikaja tena, nikarudishwa tena. Uji niliunywa mwenyewe njiani, sikuwa na njaa, lakini ningerudi nao nyumbani ningelia mbele ya watu. Kuna wakati nilidhani namsikia. Upepo ulivuma kutoka kule ndani, nikasimama juu ya lile jiwe. Lakini palikuwa na watoto wengi mle, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Waruguru ndiye aliyesikia kwamba akina mama wa kanisa fulani wataruhusiwa kuingia kuwaimbia watoto. Akaniazimia kitambaa cheupe cha kichwa, akaniambia, "Mama Luseno, leo wewe ni sauti ya pili." Niliingia nikiimba. Mpaka leo sijui niliimba nini.

Chumba kilikuwa kirefu, kisafi, chenye harufu ya dawa ya sakafu. Vitanda vilipangwa kama makaburi ya askari. Mideva alikuwa karibu na mwisho. Walikuwa wamemnyoa. Alikuwa amelala chali, anatazama dari, na kwenye pembe ya mdomo uji wa mchana ulikuwa umekauka, na kifua chake kilikuwa kikifanya ile sauti ya kukwaruza. Nilipoinama alinitazama. Kisha akageuza macho akatazama ukuta. Nimezika mume na wanangu wawili, lakini sijaona kitu kama macho yale yalivyogeuka.

Matroni alinitambua chini ya kitambaa. Nilimwambia, huyu hulishwa ameketi.

"Najua, mama," akasema. "Najua vizuri kuliko wewe. Wako wengi, na msichana wa kunisaidia ni mmoja. Nikimkalisha kila mmoja, wa mwisho atakula kesho."

"Basi punguza mmoja. Nipe wangu."

Akasema kumtoa kunahitaji barua ya ofisa aliyemleta. Ofisa aliyemleta, Madam Teresiah, alikuwa amehamishwa mkoa mwingine, na aliyechukua nafasi yake hajaripoti. Niende nirudi baada ya uchaguzi. Nikamwuliza kama kifua hiki kitangoja uchaguzi. Alikunja shuka iliyokuwa tayari imekunjwa. Halafu akasema anakwenda jikoni kuona chakula cha jioni kimefikia wapi, na akamwita yule msichana wake waende wote.

Akina mama waliinua wimbo wa kuagana. Nikafungua leso.

Ndipo lile lango, na ile mvua, na askari chini ya kibati. Nyuma yake nilikiona kiti cha Ngui. Alikuwa ameegesha juu yake redio yake na chupa ya chai, na ule mkanda wa tairi alikuwa ameupitisha redio isianguke.

"Mathe, umebeba mzito."

"Ni wangu, mwanangu," nikasema. "Nimeuzoea."

Akatusogezea lango.

Najua mtakavyouliza, kwa hiyo niseme. Hakuna aliyenifuata. Labda mahali fulani Mideva bado yumo kwenye hesabu yao, anapewa uji kila siku. Waruguru alifungua tena, chumba kingine, ploti ya nyuma, bila kibao na bila utepe, pazia limeshushwa, na mtu akiuliza tulisema ni chama cha akina mama, jambo ambalo lilikuwa kweli. Luseno alilinda mlango wakati hana kazi, na neno la haki yetu sikulisikia tena kinywani mwake. Ngui alitengeneza kiti kipya. Mideva alikikalia mpaka akawa msichana wa kuchagua rangi ya kitambaa chake. Kifua chake hakikupona. Alituacha akiwa na miaka kumi na tisa, asubuhi, ameketi wima, anatazama mlango. Siku yake ilikuwa Jumanne, yangu.

Lakini si huko ninakorudi ninapokosa usingizi. Narudi kwenye baraza ya duka lililofungwa, mbali kidogo na lile lango, ambako nilikimbilia miguu iliponiishia. Maji yalikuwa yakitiririka kutoka kwenye mabati kama shanga. Nilimfungua mgongoni, nikaketi sakafuni, nikamweka kati ya magoti yangu, mgongo wake kifuani kwangu, kidevu chini, nikawa kiti. Nilikuwa na uji. Nikampa kijiko, nikangoja. Akameza. Nikampa kingine.

Sikuthubutu kumsemesha. Niliogopa kwamba ndani yake hamna mtu tena. Uji ulipofika nusu nikasikia koo lake likianza ile kazi yake, kukoroma, kutema hewa, nikafikiri ni kifafa, nikaweka chupa chini.

"Ki-tenda-wili," akasema.

Katika maisha yake yote hakuwa ametega hata kimoja.

"Tega," nikasema.

Ilichukua muda mrefu. Mvua ilizidi, ikapungua, ikazidi tena. Sikumsaidia hata neno moja.

"Nikimwita, haji. Nisipomwita, anakuja."

Nikamshukuru Mungu, kwa sababu kilikuwa kizuri, na kwa sababu nilidhani ninalijua jibu. Usingizi, nikasema. Akatikisa kichwa kifuani kwangu. Kifafa, nikasema, ambacho kweli hakikuwahi kungoja kuitwa. Akatikisa. Nikasema serikali, nikitaka acheke, maana Waruguru angecheka mpaka akae chini. Hakucheka. Nikafikiri sana. Nilipapasa kila pembe ya gunia langu la vitendawili na sikukuta kitu.

"Umenishinda," nikamwambia.

"Nipe. Mji."

"Chukua Mbale."

Nilimsikia akiuvuta mji ule ndani pamoja na pumzi.

"Nilienda Mbale," akasema. Akapumzika. "Sikula." Akapumzika tena, nami nikamshika kidevu kisidondoke. "Nikaita. Nikaita. Nikaacha." Maji yalikuwa yamefika kwenye vidole vya miguu yangu. "Wakaniambia. Ni Guku."

Ningeweza kumwambia kwamba nilikuwapo. Kwamba nilikuwa ng'ambo ya barabara, juu ya jiwe, Jumapili zote zile, na chupa hii hii ya uji. Lakini aliyeshindwa na kutoa mji hana tena la kusema. Hiyo nayo ni sheria, na mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha. Nikachota uji. Akameza.

"Kitendawili," akasema.

Nilingoja sauti yangu irudi.

"Tega."